Nyasi Zilizolengwa

Methali ya tembo wawili na nyasi imechoka. Nimeisoma katika insha za wanafunzi wangu mara mamia, nimeisikia redioni kila palipozuka vita mahali fulani, na kila mara imesemwa kwa nia njema. Anayeitumia hutaka kutuambia kwamba wakubwa ndio wagombanao na wadogo ndio waumiao. Sawa. Lakini itazame methali yenyewe kwa makini, msomaji, nawe utaona kuwa tembo wake hawana habari na nyasi. Wao wanashughulika na pembe zao. Nyasi zinaumia kwa bahati mbaya tu, kwa kuwa zimeota pale palipogeuka kuwa uwanja.

Vita vya Pili vya Dunia, katika miji ya Ulaya, havikuwa hivyo. Ndege za Ujerumani ziliipiga Warszawa mwezi Septemba 1939 hata mji ukakosa maji ya kuzimia moto. Ziliteketeza katikati ya Rotterdam tarehe 14 Mei 1940, kwa muda usiofika nusu saa, zikawaacha watu wapatao 80,000 bila nyumba. Zikaiunguza Coventry usiku wa tarehe 14 Novemba mwaka huohuo. Kisha Waingereza nao, tarehe 14 Februari 1942, wakatoa agizo kwa kikosi chao cha ndege za mabomu kwamba shabaha kuu sasa iwe ari ya raia wa adui, hasa wafanyakazi wa viwandani. Ari ya raia haina kambi wala ngome. Hukaa jikoni, kitandani, kwenye foleni ya mkate. Anayetaka kuivunja ari hiyo sharti avunje kwanza paa lililo juu yake. Hapo tembo waliacha kupigana, wakageuka kuzikanyaga nyasi kwa makusudi, kwa ramani na kwa hesabu.

Sina nia ya kuandika historia ya mabomu. Wapo walioiandika vizuri. Mimi ni msomaji, na jioni nyingi za kustaafu kwangu nimezitumia kusoma vitabu na kutazama filamu zilizotokana na vita vile. Jambo linalonisumbua ni hili. Vita viliwalenga watu katika nyumba zao, lakini kazi nyingi za sanaa, hata zile zinazosifiwa sana, zinatuonyesha mji. Mji unalia, mji unastahimili, mji unafufuka. Na mji, ndugu msomaji, hauli mkate wala hauogopi giza.

Chukua filamu ya London Can Take It!, ambayo kichwa chake chatangaza kuwa London yaweza kustahimili. Ilitengenezwa mwaka 1940 na Humphrey Jennings na Harry Watt, katika kitengo cha filamu cha shirika la posta la Uingereza, kwa ajili ya Wizara ya Habari. Haifiki dakika kumi. Tunaona jioni ikiingia na watu wakijipanga kwenda kujihifadhi. Usiku mizinga inanguruma na anga inamulikwa. Asubuhi watu wanapita penye vifusi wakienda kazini. Kwa ufundi wa picha sina neno, maana Jennings alikuwa na jicho la mshairi. Lakini sikiliza sauti. Anayezungumza tangu mwanzo hadi mwisho ni mtu mmoja, Quentin Reynolds, mwandishi wa habari Mmarekani, kwa kuwa filamu ilikusudiwa kwanza kuwavuta Wamarekani, ambao walikuwa hawajaingia vitani. Wakazi wa London wenyewe hawasemi. Wanatazamwa wakilala, wanatazamwa wakiamka, na mgeni anatuambia kwa niaba yao kwamba hawaogopi.

Yaliyobaki nje ya picha si madogo. Mashambulizi makubwa yalianza tarehe 7 Septemba 1940, yakaendelea usiku 57 mfululizo, na mabomu ya mwanzo yaliangukia zaidi upande wa mashariki, penye bandari, penye nyumba za makuli na mafundi cherehani. Serikali haikutaka watu walale katika vituo vya treni za chini ya ardhi. Watu wakanunua tiketi, wakateremka, wakakataa kupanda tena. Tarehe 14 Septemba makumi ya wakazi wa mtaa wa Stepney, wakiongozwa na diwani wa Kikomunisti, Phil Piratin, waliingia katika hoteli ya Savoy na kudai nafasi katika hifadhi iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni wa hoteli. Siku chache kabla ya hapo, huko Canning Town, watu waliokwisha kupoteza nyumba zao walikusanywa katika shule ya South Hallsville wakaambiwa wasubiri mabasi ya kuwahamisha. Mabasi hayakuja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 bomu liliiangukia shule ile. Takwimu rasmi zilitaja waliokufa 77. Wenyeji wa mtaa hawakuzikubali, wakashikilia kuwa walikuwa mamia.

Sasa kirudie kichwa cha filamu. Ni nani aliyekuwa akistahimili, na ni nani aliyeamua kuwa anaweza? Ukishasema “London”, mgeni wa hoteli na kuli anayesubiri basi wanakuwa mtu mmoja, na mtu huyo mmoja ana moyo wa chuma. Sisemi filamu inasema uongo. Ujasiri ulikuwepo, tena mwingi, na mwaka 1940 Uingereza ilihitaji sana kusikika. Nasema tu kwamba sifa ya ustahimilivu inatia shaka inapotolewa na asiyestahimili pamoja nawe. Sisi tuliowahi kuambiwa tufunge mikanda tunaijua lugha hii. Aliyekuwa akitushauri, aghalabu, tumbo lake lilikuwa limeshaupita mkanda.

Ikiwa London ilipewa sifa, Leningrad ilipewa cheo kabisa: Mji Shujaa. Majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji huo kuanzia tarehe 8 Septemba 1941 hadi 27 Januari 1944, siku 872, nayo nia haikuwa kuuteka tu bali kuuacha ufe njaa. Idadi ya raia waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 800,000 na milioni moja, na wako wanaotaja zaidi. Kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 25 Desemba 1941, mgawo wa mkate kwa mtoto, kwa mtegemezi na kwa mfanyakazi wa ofisini ulikuwa gramu 125 kwa siku. Gramu 125 ni kipande ambacho mtu mzima hukimaliza kabla chai haijapoa, na mkate wenyewe ulikuwa umechanganywa na selulosi na mashudu ya pamba.

Wengi walio mbali na Urusi wanaijua Leningrad ile kwa tukio moja. Tarehe 9 Agosti 1942 okestra ya redio, chini ya Karl Eliasberg, ilipiga Simfoni ya Saba ya Shostakovich katikati ya mji uliozingirwa, na vipaza sauti vikaipeleka mitaani. Silidharau tukio hilo. Lakini kila linaposimuliwa, husimuliwa kama ushindi wa mji na wa sanaa, na husahaulika kwamba wapiga vyombo walilazimika kupewa chakula cha ziada ili wapate pumzi ya kupulizia tarumbeta. Hilo la pumzi linanigusa kuliko simfoni nzima.

Dola ya Kisovieti ilimpenda shujaa. Mwenye njaa ilimwonea haya. Makumbusho ya ulinzi wa Leningrad, yaliyosheheni vitu vya wakati wa kuzingirwa, yalifungwa mwaka 1949 Stalin alipowageukia viongozi wa mji ule, na yakarudishwa 1989. Ales Adamovich na Daniil Granin walipokusanya ushuhuda wa walionusurika, kitabu chao kilianza kutoka mwaka 1977, na kilipitiwa na mkasi wa wakaguzi. Miaka zaidi ya thelathini baada ya vita, bado palikuwa na mambo ambayo aliyeshinda njaa hakuruhusiwa kuyasema kuhusu njaa yake, maana yangelitia doa jina la mji.

Ndiyo sababu kitabu cha Lidiya Ginzburg nakiweka mbele ya vingine vyote kuhusu Leningrad. Mama huyu alikuwa mhakiki wa fasihi na aliishi mjini humo wakati wote wa kuzingirwa. Kumbukumbu zake za mtu wa wakati ule zilichapishwa 1984, yeye akiwa na umri wa miaka zaidi ya themanini. Mtu wake hata jina hana. Anampa herufi moja tu, N. Unaweza kudhani kwamba hapo napaswa kulalamika kama nilivyolalamika juu ya London, kwamba mtu amefutwa. La hasha. Ginzburg hamsifu N wala hamlilii. Anamfuata. Anaonyesha jinsi mwili unavyokuwa mzigo wa kubebwa na mwenyewe, jinsi siku nzima inavyopangwa kuzunguka kipande cha mkate, jinsi njaa inavyowafanya wapendanao wakaripiane juu ya chakula, na jinsi anayebaki hai anavyobaki na karipio lake. Kuna kurasa juu ya foleni ambazo sijaona mfano wake: mazungumzo ya wanawake waliomo, na ule ugumu wa wanaume, ambao hata wakifa njaa bado wanaona wakati wao ni wa thamani mno kusimama nyuma ya mtu.

Nilizisoma kurasa hizo nikiwa nimesimama foleni zangu za sukari na sabuni miaka ya mwanzo ya themanini, na za ule unga wa njano tuliouita wa Yanga. Sisi hatukufa, na kulinganisha kungekuwa utovu wa adabu. Ila mtu aliyewahi kuacha jiwe limshikie nafasi dukani, akarudi akakuta jiwe limesogezwa nyuma, atajua kwamba Ginzburg hakubuni.

Na kuna Tanya Savicheva, ambaye hakuwa mwandishi. Alikuwa na miaka 11 njaa ilipoanza. Alichukua daftari la dada yake, lile lenye herufi pembeni kama tunavyoandikia anwani, na kila aliyekufa nyumbani akamwandika chini ya herufi ya jina lake, pamoja na tarehe na mara nyingi saa: dada, nyanya, kaka, ami wawili, mama. Kisha herufi tatu za mwisho za kusema kwamba ukoo umekwisha. Kurasa tisa kwa jumla. Alihamishwa, akafa kwa ugonjwa tarehe 1 Julai 1944, bila kujua kwamba dada na kaka mwingine walikuwa hai. Mhakiki hana la kusema mbele ya daftari hilo, isipokuwa hili moja: mtoto yule alielewa bila kufundishwa kwamba kifo kina saa yake na kina mlango wake. Hakuuandikia mji hata mstari mmoja.

Nafika sasa mahali ambapo mzee mmoja rafiki yangu, tunayekutana naye jioni kwa kahawa, hukataa kwenda nami. Baba yake alikuwa askari wa Keya, alipelekwa Burma, akarudi na mguu mbovu. Nilimwonyesha filamu ya Roberto Rossellini, Germania anno zero, iliyotolewa 1948. Mtaliano huyo alikwenda na kamera yake Berlin mwaka 1947, miongoni mwa kuta zilizosimama bila nyumba, akamchukua mtoto asiye mwigizaji, akamfanya Edmund, mvulana wa miaka 12. Baba yake Edmund ni mgonjwa kitandani. Kaka yake alikuwa askari na anaogopa kujiandikisha, kwa hiyo hana kadi ya mgawo, kwa hiyo familia nzima inakula kwa kadi pungufu. Dada anatoka usiku kwenda kwa askari wa kigeni kutafuta sigara, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya wakati ule. Edmund anafukuzwa katika kazi ya kuchimba makaburi kwa sababu hajafikisha umri. Anakutana na mwalimu wake wa zamani, ambaye fikra za Kinazi hazijamtoka, na mwalimu anamwambia maneno ya kwamba wanyonge hawana budi kuondoka ili wenye nguvu waishi. Mtoto anayachukua kama mtoto anavyochukua neno la mwalimu. Anatia sumu katika chai ya baba yake.

Rafiki yangu alinyamaza mpaka mwisho, Edmund anapozunguka peke yake katika magofu, akicheza kidogo kama watoto wachezavyo, kisha anapanda ghorofani na kujitupa chini. Ndipo akasema: “Sawa, inasikitisha. Lakini nani aliyewaambia waanze? Mbona hatuonyeshwi watoto waliochomwa na baba zao hao?”

Swali lake ni la haki, nami sitalipuuza. Katika filamu ile Wayahudi hawaonekani, na Warszawa haionekani. Mtu akitoka ukumbini anaweza kudhani kwamba Berlin ilipatwa na mvua ya mawe. Hata hivyo nadhani rafiki yangu anamjibu mtu mwingine, si Rossellini. Filamu hii haituombi tuuhurumie mji wa Berlin. Inakataa kabisa kuuhurumia. Inaonyesha nyumba yenye familia kadhaa zinazogombania umeme na viazi, inaonyesha watu wakimchuna farasi aliyekufa barabarani, na katikati ya hayo inamwonyesha mtoto ambaye mabomu hayakumuua. Aliuawa na somo. Mwalimu yule ndiye daraja kati ya vita na nyumba. Sisi tuliofundisha tungepaswa kuitazama filamu hii mara moja kila mwaka, si kwa ajili ya Wajerumani.

Kwa hiyo sikubali kwamba kumtazama raia wa upande wa adui ni kumsafisha adui. Linalosafisha ni jambo jingine, na mfano wake mkubwa ni Dresden.

Usiku wa tarehe 13 Februari 1945, na siku mbili zilizofuata, ndege za Uingereza na Marekani ziliichoma Dresden. Tume ya wanahistoria iliyoteuliwa na mji huo ilitoa matokeo yake mwaka 2010: waliokufa hawakuzidi 25,000. Ni watu wengi mno. Lakini hawakutosha kwa watu fulani. Serikali ya Hitler, katika wiki zake za mwisho, ilieneza idadi iliyovimbishwa mara nyingi, na waraka wa polisi uliotaja maiti 20,204 ulikuja kuzungushwa ukisema 202,040. Sifuri moja tu iliongezwa. Mwaka 1963 Mwingereza David Irving alitoa kitabu kilichotaja watu 135,000, na kutoka hapo idadi hiyo iliingia katika riwaya maarufu ya Kurt Vonnegut, Slaughterhouse-Five, ya mwaka 1969. Mwaka 2000 mahakama ya London ilimwona Irving kuwa mtu aliyepotosha ushahidi wa historia kwa makusudi, katika kesi aliyoifungua mwenyewe. Riwaya inaendelea kusomwa, na idadi ile imo.

Vonnegut simlaumu kama ninavyomlaumu mwenye sifuri. Alikuwa mateka wa vita mjini Dresden, alinusurika ndani ya chumba cha kuhifadhia nyama katika machinjio, na alifanya kazi ya kufukua maiti. Riwaya yake inajua kwamba haiwezi kusema ilichokiona, ndiyo maana inarukaruka kati ya sayari na miaka. Na pale inaposhika ardhi, inashika barabara: katika magofu ya mji mzima uliokufa, mwalimu wa sekondari, Edgar Derby, anapigwa risasi kwa kosa la kuchukua birika la chai. Birika lile linafanya kazi ambayo 135,000 haiwezi kuifanya. Ajabu ni kwamba mwandishi mwenye birika mkononi bado aliona anahitaji idadi kubwa.

Idadi ikivimba, watu wanapungua. Hilo nililihisi kwa mguu, si kwa kichwa, nilipopelekwa na jamaa zangu wa Arusha kuona makaburi ya Wapolandi pale Tengeru. Kuanzia mwaka 1942 palikuwa na kambi ya wakimbizi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Utawala wa Kisovieti ulikuwa umewang’oa makwao mashariki ya Polandi mwaka 1940 na 1941 na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Wakatoka kupitia Iran, wakaishia chini ya Mlima Meru. Wapo waliozikwa hapo, kiasi cha makaburi 150. Mtu hutembea kati yake kwa dakika chache tu, lakini hatembei haraka, maana kila jiwe lina jina, na baadhi ya miaka iliyoandikwa imekaribiana sana. Nilijikuta nikitoa kwa kidole mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa kufa. Hakuna mtu anayeweza kufanya hivyo mara 25,000, wala mara 135,000. Kwa hiyo wenye kutaka Dresden iwe mji usio na hatia, mji wa makanisa mazuri na vyombo vya kauri uliouawa bure, hawatoi hesabu hiyo. Wanabeba tarakimu moja nzito na kuigonganisha na tarakimu za Auschwitz, kana kwamba maiti ni mizani ya dukani.

Dawa ya ugonjwa huo ninaijua moja, nayo ni shajara ya Victor Klemperer. Alikuwa profesa wa lugha za Kirumi katika Dresden, Myahudi kwa kuzaliwa, mwenye mke asiyekuwa Myahudi, Eva. Ndoa hiyo ilimchelewesha kufa. Alifukuzwa kazi, akanyang’anywa nyumba, gari, maktaba, taipureta, hata paka wake; akavishwa nyota ya njano; akahamishiwa katika nyumba za kubanana walizotengewa Wayahudi. Yote aliyaandika kila siku, huku akijua kwamba karatasi zikionekana watakufa yeye, mkewe, na kila aliyetajwa humo.

Mchana wa tarehe 13 Februari 1945 Klemperer alipewa kazi ya kutembea mjini akigawa barua. Barua ziliwaamuru karibu Wayahudi wote waliosalia Dresden wafike siku tatu baadaye, wapelekwe mbali kufanya kazi. Kila aliyeipokea alielewa maana yake. Alirudi nyumbani jioni, na usiku ule mabomu yakaanguka. Alipotezana na Eva katika moto, akaumia karibu na jicho, akakesha juu ya ukingo wa mto Elbe. Asubuhi walionana. Eva akaibandua ile nyota kutoka kwenye koti lake. Ofisi za Gestapo zilikuwa zinawaka, orodha zilikuwa zinawaka, na mume na mke wakaondoka mjini kama wakimbizi wengine Wajerumani.

Fikiri juu ya asubuhi hiyo, msomaji. Moto uleule uliowaua maelfu ya watu usiku mmoja, wakiwemo watoto ambao hawakumwandikia mtu barua yoyote, ndio uliomwokoa mtu huyu. Ukisema “mji uliteswa” umemfuta Klemperer. Ukisema “mji ulistahili” umewafuta wale watoto. Klemperer mwenyewe hasemi hili wala lile. Anaandika aliyoyaona: mvua, blanketi, kofia iliyopotea, uchovu. Anaandika pia kwamba Eva, katika usiku ule, alitaka kuwasha sigara na hakuwa na kiberiti. Akaona kitu kinang’aa chini, akainama akitaka moto, na kumbe ilikuwa maiti inayoungua. Jambo hilo limewekwa pale kwa maneno machache, bila pambo, kisha shajara inaendelea. Hakuna filamu ya ustahimilivu inayoweza kulibeba, wala hotuba ya wenye sifuri zao, kwa sababu mwanamke anayetaka kuvuta sigara si shujaa wala si kondoo. Ni Eva.

Walitangatanga Bavaria mpaka vita vikaisha, wakarudi kwa kuungaunga safari, sehemu kubwa kwa miguu, wakaifikia nyumba yao ya zamani mwezi Juni 1945. Karatasi za miaka yote ile zilikuwa salama. Eva alikuwa akizipeleka mafungu kwa mafungu katika mji wa jirani, Pirna, kwa rafiki yao daktari, Annemarie Köhler, naye alikuwa akizificha. Zilichapishwa mwaka 1995, Klemperer akiwa amekwisha kufa miaka 35 nyuma.